Maji ya Mama Josias

Mgeni aliingia na bidon tupu ya kuchotea maji uani kwa Ernestine, penye bwawa la udongo, ambako watu wa Goma walikuwa wakiogelea kila Jumapili kabla ya vita.

"Mama, sisi wakimbizi tunakufa kiu."

"Njoo na wenzako kesho, papa. Mutachota, naapa."

"Aksanti, Mama Josias."

Ernestine alishtuka. Jina hilo lilijulikana Rutshuru tu, alikouawa mwanawe Josias. Alimtazama vizuri: ndiye jirani wa huko aliyemuua Josias, amekonda tu.

"Toka, muuaji! Ukirudi nitakuzamisha humu!"

Asubuhi alisimama getini na panga. Wakimbizi walifika, jirani yule akiwa nyuma kabisa, kichwa chini.

Alifungua geti.

"Choteni. Na wewe, shetani, chota. Niliapa kabla sijakujua."