Saladini Mezani kwa Faruk

Oswaldi hakuwa mtu wa kumwonea mwenzake wivu kwa gari, nyumba wala ng'ombe. Pale kijijini Pito majirani zake walijenga, wakaezua, wakajenga tena, naye akawapongeza kwa moyo mweupe. Lakini ukigusa habari za kabati lake la vioo, ungemkuta mtu mwingine kabisa.

Ndani ya kabati hilo alipanga vigari vya mafunzo: vifaru na magari ya deraya yenye ngozi ya chuma, kila kimoja cha kutosha kiganjani, rangi yake ya kijani imefifia. Zamani, akiwa mkufunzi jeshini, alikuwa akivipanga juu ya mchanga, akiwasimamisha vijana kwa mbali, akiwauliza, "Hili la nani? Letu au la adui?" Aliyekosea alirudia mpaka ajue, maana vitani anayekosea humpiga mwenzake. Alipostaafu alianza kuvitafuta kwa wazee wenzake, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa wajane wasiojua wavifanyie nini.

Faruk, mwenye mabasi mjini Sumbawanga, alizoea kuja kwake Jumapili kunywa chai na kukimbia kelele za stendi. Oswaldi akamfundisha: hili litambue kwa mnara wake, lile kwa magurudumu. Zilikuwa Jumapili tamu, hadi Faruk naye alipoanza kukusanya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Oswaldi alihangaika mwaka mzima kupata kigari kimoja. Faruk alikuwa na makondakta njia za Mpanda, Tunduma na Mbeya; aliwaagiza tu, wakamletea. "Afande, hiki ni nini?" aliuliza kila alipofika na kipya. Oswaldi alitaja jina, na kila jina lilimtoka kama jino linalong'olewa.

"Mwanafunzi kampita mwalimu," Bertilla, mkewe, alitania siku moja. Mumewe hakucheka.

Jumapili moja ya upepo mkali Faruk aliingia amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Hata chai hakuigusa.

"Afande, leo fumba macho."

Oswaldi alipoyafumbua, mbele yake palikuwa na Saladini, gari la deraya la magurudumu sita, mnara katikati, mtutu mfupi. Ndilo la kwanza kabisa alilofundishia, na ndilo alilokuwa hajawahi kulipata. Akaificha mikono chini ya meza isije ikalinyakua.

"Sema basi! Ni lenyewe?" Faruk alikuwa hatulii kitini.

Jibu lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini Oswaldi akawaza: huyu ametuma kondakta tu, kaletewa, mimi nimebisha hodi, nimeomba, nimefukuzwa na mbwa wa watu. Wivu ukampanda.

"Wamekupiga, ndugu yangu," akasema. "Hili ni la watoto kuchezea. Tazama lilivyoundwa ovyo ovyo."

"Una hakika?"

"Si mimi niliyekuwa nafundisha?"

Alitegemea mgeni wake aliache mezani, maana nani abebe takataka kurudi nayo mjini? Lakini Faruk alilifunga tena taratibu, akanywa chai iliyokwisha poa, akaaga.

Wiki hiyo chakula hakikumshuka Oswaldi. Bertilla alipomuuliza kama anaumwa, alisingizia upepo. Mwishowe alipanda bodaboda hadi mjini, ofisi ya Faruk ya kukatia tiketi. Akalikuta Saladini mezani limekandamiza karatasi zisipeperuke. Abiria aliyekuwa akingoja chenji alikuwa analikwangua rangi kwa ukucha. Oswaldi alihisi anakwanguliwa yeye.

"Hicho kidude," akasema kama mtu asiyejali, "kama huna kazi nacho, nipe nikawape wajukuu."

Faruk alimrudishia abiria chenji yake, akangoja atoke. Kisha akalisukuma lile gari kwa kidole. Halikuviringika, lilikwaruza meza kama kipande cha tofali.

"Magurudumu yameganda, Afande. Limeundwa hivyo. Tangu lini mtoto akaundiwa gari lisilotembea?" Akamtazama. "Mimi ni mfanyabiashara. Jicho la mtu anayekitaka kitu halinipotei. Lako nililiona kabla hujafungua mdomo."

"Faruk, ndugu yangu..."

"Na nilikuletea wewe. Nilikuwa nangoja ulitaje jina lake, nikuambie chukua, ni lako."

Nje basi lilipiga honi. Faruk alilirudisha gari juu ya karatasi. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomuuma Oswaldi zaidi.

"Sasa lina kazi hapa," akasema.

Jumapili iliyofuata Bertilla aliandaa vikombe, mgeni hakutokea. Oswaldi akarudi mjini kutaka radhi, na Faruk akampa, wakashikana mikono mbele ya abiria. Radhi ilipatikana. Jumapili hazikurudi.

Mavuno yalipokwisha, Bertilla alitoka gulioni na habari: Faruk siku hizi hupeleka vigari vyake kijiji cha Kate, kwa mstaafu mmoja aitwaye Rafaeli, wakashinda pamoja hadi jioni.

"Rafaeli?" Oswaldi alimaka. "Yule alikuwa hatofautishi kifaru na trekta! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

"Basi na yeye anafundisha," Bertilla alijibu, akaketi kupepeta ulezi.

"Anamwambia nini? Hata majina hayajui!"

"Baba Yusto, labda akiona kitu kizuri anasema ni kizuri."

Oswaldi alivaa koti lake, akatoka kuelekea shambani bila jembe.