Gesti ya Vyura

Shimo la Restuta lilikuwa limeshakunywa mvua kadhaa za masika na bado halikuonyesha dalili ya kushiba. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kutoka kwenye bati, yakafuata mfereji, yakaingia shimoni kwa kishindo, na Restuta akasimama barazani na khanga yake kichwani akicheka peke yake. Asubuhi akiamka, anakuta tope. Kesho yake hata tope hakuna.

Pale Miteja hakuna aliyeelewa shimo lile lilikuwa la nini. Angesema ni la choo, wangemsaidia kuchimba. Angesema ni la kufugia perege wa kuuza, wangemwuliza bei. Lakini Restuta ni mkweli mpaka anaudhi, akawaambia anataka bwawa dogo nyuma ya nyumba, lenye mayungiyungi na mawe pembeni, la kukaa na kulitazama.

"La kutazama tu?" watu walimwuliza.

"La kutazama na kusikiliza," alijibu, na hapo ndipo alipozidi kuharibu.

Jambo hili lilimwanzia Lindi, alipokwenda na kwaya ya kigango kuimba kwenye harusi. Katika ua wa hoteli waliyofikia, maji yalikuwa yakidondoka juu ya mawe na kuingia kwenye kibwawa, basi, hayana kazi nyingine. Restuta aliketi pale na kikombe chake mpaka chai ikapoa. Tangu utotoni alikuwa ameyabeba maji kichwani, ameyafunika, ameyagombania kwenye foleni. Siku ile ndiyo kwanza aliyaona yakicheza. Alirudi nyumbani na wazo hilo moja, na hakupatikana mtu wa kulitoa.

Mumewe, Cletus, hakuwa mtu mbaya. Alimchimbia shimo mwenyewe, akamsaidia kutandika turubai, na panya walipolitoboa turubai hakusema neno. Lakini uvumilivu wake nao ulikuwa na kina chake.

"Mama Jonas," alimwambia siku moja baada ya kula, "masika yanakatika. Mvua kubwa ijayo ikipita na shimo likabaki tupu, nalifukia. Nitajenga banda la mbuzi."

Ili kuonyesha kwamba hatanii, alileta miti ya banda akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Restuta aliiona kila alipokwenda kupika, na kila mara moyo ulimwuma.

Kilichomwuma zaidi kilikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa. Huko chini kidogo, kwenye mteremko, alikaa jirani yake Moza, ambaye zamani walikuwa wakipikiana na kusukana nywele. Moza ndiye aliyekuwa kinara wa ngoma ya kina mama pale kijijini. Asipoanzisha yeye, miguu haiinuki. Sasa siku Cletus alipoanza kuchimba, Moza alisimama kisimani mbele ya wanawake wote akasema, "Mmesikia? Restuta anawajengea vyura gesti!" Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Restuta alihisi uso unawaka, akajibu bila kufikiri, "Afadhali vyura. Wao angalau wana sauti ya kuimba." Kicheko kilikatika pale pale. Tangu siku hiyo wale wawili walisalimiana kwa kope.

Baada ya turubai kushindikana, Restuta aligeukia kazi anayoijua. Hakuna mwanamke wa Miteja anayemshinda kukandika nyumba. Alikwenda akabomoa kichuguu, akaponda udongo wake, akaukanda, akausiriba shimoni kwa kiganja mpaka kuta zikawa laini. Kisha akauacha juani ukauke vizuri, kama anavyofanya kwenye kuta za nyumba. Ulipokauka ukawa mgumu ukiugonga, naye akajisifu kimoyomoyo. Mvua ikaja, maji yakaingia, na asubuhi hakukuta kitu. Ukuta wa nyumba ukikauka hivyo watu hukupa hongera. Bwawa likikauka hivyo linapata nyufa nyembamba usizoziona wewe, ila maji yanaziona.

Wiki hiyo, akiwa na majonzi yake, alikwenda kisimani. Jua lilikuwa kali, ardhi imekauka, lakini pale wanawake wanaposimama kuinua ndoo kulikuwa na kidimbwi. Kilikuwepo jana. Kilikuwepo juzi. Restuta alikuwa amekiruka maisha yake yote ili asichafue miguu. Safari hii alitumbukiza kidole cha mguu. Juu kulikuwa na tope jepesi, na chini yake udongo ulikuwa umeshikamana, unateleza kama sabuni.

Hapa pamekandikwa na nani? alijiuliza. Hapajakandikwa na mtu. Pamekanyagwa! Miguu ya wanawake, udongo ukiwa mbichi, mwaka hadi mwaka, na haukuachwa ukauke hata siku moja!

"Nimelipata!" alipiga kelele. Maimuna, muuza vitumbua, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alidhani mwenzake amekanyaga nyoka. Restuta alikuwa ameshaondoka mbio, ndoo ameiacha.

Alilowesha shimo, akaingia, akakanyaga. Alikanyaga mpaka mapaja yakagoma. Alipotazama alipofika, ni mahali pa kulaza mtu mmoja tu, na kule alikoanzia jua lilikuwa limeshaanza kukausha. Akaelewa. Kazi hii ilitaka miguu mingi, kwa pamoja, siku ambayo mvua iko karibu ili ikute udongo ungali mbichi. Na wanawake wa Miteja watakanyaga tope kutwa nzima kwa jambo moja tu, nalo ni ngoma.

Restuta alikaa ukingoni na kuitazama miti ya banda la mbuzi. Halafu akanawa miguu, akazunguka ua wa minyaa.

"Hodi hapa."

Hodi ni hodi, hata ya mgomvi. "Karibu," sauti ya Moza ilijibu kutoka uani.

Restuta aliingia, akasahau maneno aliyokuwa ameyapanga njiani. Chini ya ua wa minyaa kulikuwa na magimbi. Majani yake mapana kama nyungo, ya kijani kizito, yamesimama kwenye udongo uliolowa, na jua lote lile! Moza alikuwa amesimama mbele yake, amepanua khanga kidogo, kana kwamba magimbi yanaweza kufichwa nyuma ya mtu.

"Magimbi haya unayamwagilia na nini, Mama Mwanasha?"

"Mungu tu."

Restuta aliinama, akachota tope kwa kidole, akalitazama. "Mungu anapitia shimoni kwangu?"

Moza alitazama pembeni. "Sasa mimi nifanyeje? Niliyaita? Yamekuja yenyewe chini kwa chini. Nikasema yasipotee bure, nikapanda magimbi."

Hasira ilimpanda Restuta mpaka kooni. Masika yote mtu anamcheka huku anayanywa! Alifungua mdomo aseme, akayatazama tena yale majani, na badala ya maneno kikatoka kicheko. Maji yake hayakuwa yamepotea. Alikuwa ameyalilia kama mtu aliyefiwa, kumbe yako hapa, yamenawiri. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na Moza, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akabaki ameduwaa.

"Dada," Restuta alisema alipopata pumzi, "lile neno la kisimani kuhusu sauti yako nililisema kwa hasira, na ni uongo. Wewe ukiimba, mimi huacha ugali jikoni nije kusikiliza."

"Ukaungua?"

"Mara ngapi!"

Moza alijaribu kununa, midomo ikamsaliti. "Na mimi ile gesti ya vyura ulikuwa utani."

"Uliniuma."

"Najua. Niliona haya kuja." Alikaa kwenye kibao, akapangusa jani la gimbi kwa ncha ya khanga. Restuta akamweleza yote, ya kidimbwi na ya miguu, na ya mvua inayotakiwa kukuta udongo mbichi. Moza alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Nikija kulikanyaga shimo lako likashika maji, magimbi yangu yatakunywa nini?"

Restuta angeweza kudanganya, lakini tumeshasema alivyo. "Sijui. Ila sitayaacha yafe."

"Sijui si jibu, Mama Jonas."

Restuta alirudi nyumbani hajui kama amepata mtu au amemkosa.

Siku mbili baadaye mawingu yalijikusanya upande wa Kivinje, meusi, mazito, hewa ikasimama. Cletus aliyatazama, akaitazama miti yake. Restuta alikuwa shimoni tangu alfajiri, udongo wa kichuguu umelowa, na Maimuna amekuja na wenzake wachache kwa hisani ya urafiki. Walikanyaga. Lakini kukanyaga bila ngoma ni adhabu. Mmoja alianza kulalamika mgongo, wa pili akakumbuka ameacha maharage motoni. Radi ilinguruma kwa mbali. Restuta alikanyaga huku machozi yanamlengalenga, kwa sababu aliona wazi kwamba hawatamaliza.

Ndipo sauti ikapanda kutoka nyuma ya minyaa. Sauti moja, ya juu, iliyoshika neno la kwanza la wimbo na kulivuta mpaka nywele zikasisimka. Moza alitokea kwenye kona ya nyumba na ngoma kwapani, khanga ameikaza kiunoni, na nyuma yake wanawake, wengine wakiwa bado na miko mkononi! Hakumwangalia Restuta. Alivua kandambili, akazipanga ukingoni vizuri, akashuka shimoni.

"Mnakanyaga kama kuku," alisema. "Pisheni."

Kisha akamgeukia Cletus. "Shemeji, nenda dukani."

"Nikanunue nini?"

"Chochote. Nyimbo tunazoziimba leo si za masikio yako. Usirudi upesi."

Cletus aliondoka bila ubishi, na ngoma ikalia.

Walikanyaga! Miguu ilipanda na kushuka kwa pamoja, udongo ukatoa mlio chini yao, mwanzo kama uji unaochemka, kisha mzito, umebana. Moza aliimba, wao wakaitikia. Walizunguka kutoka katikati kwenda ukingoni na kurudi, matope yamewafika magotini, vigelegele vinapasua hewa. Mwenye mgongo aliusahau. Maharage ya mtu yaliungua na hakuna aliyejali. Restuta alicheza ubavuni kwa Moza, bega kwa bega, akihisi chini ya nyayo zake udongo unavyoteleza na kushikamana kama ule wa kisimani, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kuitikia. Tone la kwanza lilimpiga shavuni wakiwa kwenye mzunguko wa mwisho. Halafu mbingu ikafunguka, wakatoka shimoni wakisukumana na kupiga mayowe, wamelowa, wamechafuka, wanacheka kama mabinti.

Asubuhi Restuta aliogopa kutoka. Alifungua mlango kidogo, akachungulia kwa jicho moja. Mbingu ilikuwa chini, ndani ya ua wake, na mawingu meupe yanapita. Alisogea taratibu asije akaikimbiza. Maji yalikuwa yamejaa karibu na ukingo. Kesho yake yalikuwepo. Keshokutwa yalikuwepo, na Cletus alipoichukua ile miti jikoni Restuta alishtuka, lakini mwanamume alikuwa na msumeno na nyundo. Anatengeneza benchi.

Bwawa lilibaki limejaa wakati magimbi ya Moza yakianza kulegeza majani. Restuta aliyaona kupitia minyaa na hakulala vizuri. Bwawa lililojaa lazima lipewe njia ya kumwaga, ama sivyo mvua inayofuata italibomoa ukingo. Alichukua kipande cha bomba, akakilaza ukingoni upande wa mteremko, akakipitisha kwenye ua mpaka kwa jirani. Kwa kuwa huko kuna kushuka, na maji yakianguka yangechimba udongo, akapanga mawe chini yake, moja juu ya jingine.

Mvua ya mwisho ya masika ilinyesha mchana. Ilipokatika jioni, Restuta alikuwa amesimama kando ya bwawa lake, akingoja. Maji yalipanda, yakafika mdomo wa bomba, yakaingia. Halafu akasikia. Sauti ile ile ya Lindi, maji yakidondoka juu ya mawe, yanacheza, hayana haraka. Lakini ilikuwa inatoka upande wa pili wa minyaa. Yeye, kwenye bwawa lake, aliisikia kwa mbali.

"Mama Jonas!" Moza aliita kwa sauti iliyojaa mshangao. "Njoo uone! Njoo usikie!"

Cletus alikuwa anatoka na benchi lake jipya begani. "Niliweke wapi?" aliuliza.

Restuta alifuta macho kwa khanga, akicheka. "Kwa Mama Mwanasha."

Walikaa wawili juu ya lile benchi, magimbi yananyweshwa miguuni pao, maji yanashuka juu ya mawe. Kiza kilipoanza, kule juu bwawani chura mmoja alijaribu sauti, akanyamaza, akajaribu tena. Wa pili akamjibu. Punde ua mzima ulikuwa unalia.

"Wageni wako wameshaingia gesti," Moza alisema.

Restuta alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, mpaka vyura wakapumzika kidogo.

"Wanajitahidi," alisema. "Lakini hawakufikii. Imba."

Na Moza akaimba.