Vibati Chini ya Roka

Ngosha alishuka kwenye pikapu akiwa na nondo mkononi na hakumsalimia mtu. Aliyekuwa karibu ni Luhende, fundi wa kuchomelea, ameinama juu ya geti. Nondo ilimshukia kwenye mkono wa kulia. Mfupa ulisikika ukivunjika. Luhende akaanguka juu ya vyuma vyake, akipiga ukelele uliowatoa watu madukani.

"Mmemuua Yakobo!" Ngosha alimpiga teke la mbavu, kisha jingine. "Mmemuua mdogo wangu kwa injini yenu mbovu!"

Teodora alitoka gereji mikono imejaa grisi. Kwa miaka sita alikuwa akigawana uwanja huo wa Igoma na Luhende: yeye injini, mwenzake kuchomelea. Ngosha alimfahamu. Miezi miwili nyuma Teodora alimfungia injini ya boti yake ya kubeba dagaa kutoka kisiwani Nansio hadi soko la Mwaloni.

"Mwache huyo!" alisema. "Injini niliifunga mimi."

Ngosha alimgeukia. Alimkamata shingoni akamgongesha ukutani, mdomo ukachanika. Waendesha bodaboda wanne ndio waliomng'oa.

"Ilizima tukiwa karibu na miamba," Ngosha alisema, akihema mikononi mwao. "Wimbi likatutupa. Yakobo alikuwa anaisukuma boti isigonge. Ikambana kwenye jiwe, mama. Kifua chote. Nilimvuta nikasikia mbavu zake zinasagika."

Teodora alitema damu.

"Injini iko wapi?"

"Ipo kwenye gari. Nimeileta nikuzike nayo."

"Tuifungue kwanza, mbele ya watu wote hawa. Kosa likiwa langu, sikimbii."

Waliishusha. Teodora alifungua kifuniko cha juu, akatoa roka, vile vyuma vinavyopanda na kushuka kusukuma valvu, kisha akang'oa hedi, chuma kizito kinachofunika silinda. Valvu moja ilikuwa imekatika shingoni, kipande chake cha chini kimetoboa pistoni. Akafuta vichwa vya juu vya zile zilizobaki kwa kitambaa, akaviangalia kimoja kimoja. Alama ya roka haikuwa katikati. Zote zilikuwa zimelika ukingoni.

"Njoo uone," alimwambia Ngosha. "Roka inatakiwa ikanyage katikati ya kichwa cha valvu. Ikikanyaga ukingoni, kila inaposhuka inaisukuma valvu upande. Inakula njia yake, inayumba, mwisho inakatika."

"Kwa hiyo umekiri!"

"Sikuifunga hivi. Siti, pale valvu zako zinapokalia, zilikuwa zimesagwa sana, kwa hiyo valvu zilipanda juu. Ikabidi nipandishe na roka zizifuate. Nilikata vibati, nikaviweka chini ya miguu ya roka. Nikapaka vichwa wino, nikaizungusha injini kwa mkono mpaka alama ikakaa katikati. Nilishinda hapa siku nzima." Aligeuza mguu wa roka. Chini yake hakukuwa na kitu. "Vibati vyangu viko wapi?"

Ngosha alitazama ule mguu mtupu. Wale waliomshika wakamwachia.

"Ilikuwa inagonga," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa Nansio. Nikafungua. Nikaona vibati, nikasema huyu mama ameniwekea viraka. Yakobo alisema tukupigie simu kwanza. Nikamwambia wewe ni mtoto, unajua nini." Alikaa chini kwenye vumbi. "Nilivitupa ziwani."

Hakuna aliyemsogelea isipokuwa Luhende. Alikuwa ameinuka, mkono wa kulia unaning'inia, nondo ameikamata kwa kushoto. Alimpiga Ngosha begani. Ngosha hakujikinga. Pigo la pili lilimpasua juu ya sikio, damu ikamwagika hadi kifuani. Teodora aliyaona yote mawili akiwa hatua mbili tu, wala hakusogea. Nondo ilipoinuliwa mara ya tatu ndipo alipoirukia.

"Niachie!" Luhende alilia. "Mkono wangu, Teodora! Mkono wangu!"

Polisi walipofika, waliwapeleka wote wawili hospitali kwanza.

Mahakamani Teodora alieleza alivyoona, nondo ya Ngosha na nondo ya Luhende. Hakimu alipomuuliza kama angeweza kuzuia lile pigo la pili, alijibu kwamba angeweza. Ngosha alifungwa miaka mitatu, na sikio moja halikusikia tena. Luhende alipewa kifungo cha nje. Vidole vyake viwili havikukunjika tena.

"Ungenyamaza tu," Luhende alimwambia Teodora nje ya mahakama. "Ni mimi niliyepigwa kwa ajili ya kazi yako."

"Najua, Luhende."

Wiki iliyofuata Luhende alihamishia mashine yake ya kuchomelea Kirumba. Teodora alimsaidia kuipakia, maana kwa mkono mmoja asingeweza.