Majaruba ya Mageni

Sostenes alikuwa mtu wa duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Tangu ujana wake alishuka mashimoni kule Bugarama na nyundo na tochi, akapanda na mifuko ya mawe mgongoni, na jioni akacheka na wenzake kana kwamba mgongo ule kaazimwa na ng'ombe. Kisha masika moja magogo yaliyoshikilia kuta za duara yakateleza, udongo ukamfunika mpaka kifuani. Wenzake walimfukua akiwa hai. Watu wakamwambia amshukuru Mungu, naye akamshukuru, akidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mfupa uliopasuka uliunga vizuri, daktari akamwonyesha picha yake kwenye mwanga, lakini maumivu yalibaki. Yalianzia kiunoni, yakatambaa pajani, yakaenda kulala kisiginoni, na asubuhi yaliamka kabla yake. Vidonge vilimchoma tumbo. Mganga alimchanja chale, na chale zikapona zikamwacha vilevile. Lililomuumiza zaidi ni kwamba pale Kalangalala, mjini Geita, alipohamia na mkewe Martina na binti yao Violeth baada ya ajali, watu walianza kumtazama vingine.

"Picha safi, mtu bado analala?" shemeji yake aliuliza siku moja barazani, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. Sostenes, akiwa kitandani, alijikuta naye anajiuliza swali lile lile.

Ndipo hospitali wakampeleka kwa Bernadina, mama wa makamo aliyefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama mwarobaini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Violeth. Kaa unavyoweza, usijilazimishe." Alimpima, akamgeuza, akamsikiliza bila kumkatiza. Mwisho akasema, "Maumivu yako si ya uongo."

Sostenes nusura alie kwa kusikia hilo tu.

"Ila kidonda kilishapona," Bernadina aliendelea. "Mishipa yako ya fahamu ndiyo haijapata habari. Bado inapiga mwano, yowe la kuita msaada, kama kijiji kilichoibiwa ng'ombe, na wezi wenyewe walishaondoka zamani. Kazi yetu ni kuiambia inyamaze, taratibu, mpaka isikie."

Alimpa mazoezi ya kujinyoosha, akamtaka atembee kidogo kila asubuhi hata kama ni mpaka kwa jirani, na akamtaka aseme wazi anachokiogopa. Kisha akamweleza jambo ambalo Sostenes hakuwahi kulisikia: mtu anaweza kujituliza mwenyewe hadi akili ikasimama katikati ya kulala na kuwa macho, na hapo akauambia mwili wake maneno mapya. Kitaalamu, alisema, inaitwa hipnosisi.

"Kama yale mazingaombwe ya mnadani?"

"Hapana baba. Kule mtu anachezewa. Hapa mganga ni wewe na mgonjwa ni wewe. Mimi nakuonyesha njia tu, nyumbani utakwenda mwenyewe."

Akamlaza, akamwambia afumbe macho, avute pumzi na kuiachia bila haraka. Sauti yake ilikuwa laini. "Uko juu ya ngazi. Unashuka. Kila unaposhuka unazidi kutulia. Shuka tena. Tena..."

Sostenes akashuka. Akashika gogo la kwanza, la pili, hewa ikawa nzito, harufu ya udongo mbichi ikampanda puani, na kule juu mduara wa mwanga ukazidi kuwa mdogo. Alipiga ukelele uliowasimamisha wagonjwa kwenye korido. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, amejikunja, na Bernadina amepiga magoti kando yake, uso umemshuka.

"Nisamehe, Baba Violeth. Nimekushusha duarani. Sikufikiri."

Wiki iliyofuata ilibidi Martina amsihi sana ndipo arudi. Safari hiyo hapakuwa na ngazi. Bernadina alimwuliza tu ni mahali gani duniani mwili wake uliwahi kupumzika. Sostenes hakuhitaji kuwaza.

"Kwenye majaruba ya mama, kule kwetu, upande wa Mwadui. Tukipandikiza mpunga. Tope linakuwa la baridi, linakushika mpaka magotini."

"Nenda huko. Na ujisemeshe kwa lugha ya huko."

Basi akaenda. Akajiambia *hado hado*, polepole, kama mama yake Mageni alivyokuwa akimwambia mtoto mwenye pupa ya kuchomeka miche. Tope likampanda miguuni. Ubaridi ukafika pajani, ukafika kiunoni, na yale maumivu yakasogea yakawa kama kelele ya mtaa wa pili. Yalikuwepo, lakini hayakuwa yakimwita yeye.

Alirudi nyumbani akitembea. Martina alimwona kwa mbali akaacha vitumbua viungue. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo: asubuhi mazoezi, kisha matembezi, na kila mchana mkeka chini, macho yamefumbwa, majarubani. Siku mbaya zilikuja, lakini sasa alikuwa na pa kwenda. Alianza hata kuzungumza habari ya kununua cherehani ajifunze kushona.

Kiangazi kikaja na simu. Mageni ameamka vizuri, amefagia uwanja, ameketi apumzike, hakuinuka tena.

Safari ya basi mpaka Shinyanga ilimvunja upya. Alifika ameshikwa huku na huku, na kabla hajapewa maji, mjomba wake George, ndugu wa mwisho wa mama, alimvuta pembeni. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa majaruba, kama marehemu alivyoagiza.

"Wewe ndiye mwanawe wa kwanza," George alisema. "Utashuka umpokee mama yako. Hapa kwetu hiyo kazi haipewi mtu mwingine."

"Mjomba, mgongo..."

"Mgongo utauma kesho. Mama anazikwa leo."

Sostenes akasogea mpaka ukingoni. Akatazama chini: kuta za udongo mbichi, harufu ile ile. Akafumba macho, akavuta pumzi, akajiita kwenye tope la baridi. Lakini majaruba hayakumjia. Alipofumbua macho yalikuwa mbele yake, makavu, yamepasuka-pasuka, mabua ya mwaka jana yamesimama kama meno, na jeneza la mama yake limewekwa juu ya tuta. Moto ukamwaka kiunoni ukashuka hadi kisiginoni. Mwili wote ukakaza. Hakuweza kushuka, wala hakuweza kurudi nyuma.

"Anangoja nini?" mtu aliuliza.

"Si anasema anaumwa. Na picha zinasema hana kitu," mwingine akajibu.

George akageuka, akamwita Nasibu, mtoto wa jirani aliyekuwa akimlimia marehemu, na Nasibu akavua viatu akashuka. Mikono ya Nasibu ndiyo iliyompokea Mageni.

Ilipofika zamu ya kutia udongo Sostenes hakuweza kuinama. Martina aliinama badala yake, akachota, akamjazia kiganja. Udongo ukamdondoka vidoleni kabla hajaunyoosha mkono.

Walirudi Geita. Bernadina alisikiliza habari yote, akashika tama.

"Tutafute mahali pengine," akasema mwishoni.

Sostenes alitafuta. Alipita kila alipowahi kuishi. Palipokuwa pazuri alimkuta mama yake, na pengine pote palikuwa na shimo.

"Sina, mama."

"Basi leo usiende popote. Vuta pumzi tu. Nami nitavuta pamoja nawe."

Wakavuta pumzi, wote wawili, dirisha likiwa wazi. Maumivu hayakusogea. Bernadina alimwambia wiki ijayo watajaribu tena, na sauti yake haikuficha kwamba hakujua watajaribu nini.

Nyumbani Martina alimtandikia mkeka kama kawaida. Sostenes akalala chali, akafumba macho. Nje majirani walikuwa wakibishana juu ya foleni ya maji. Martina alivumilia, mwisho akashindwa, akanong'ona, "Umefika?"

"Sijaondoka," alisema Sostenes, macho bado yamefumbwa.

Martina akajilaza sakafuni kando yake, akamsikiliza anavyopumua.