Baragumu la Pili

Nimelala chini ya mapaa mengi, na shule nimeisoma vipande vipande, kipande Hedaru, kipande Korogwe, kwa hiyo miaka huwa inanichanganya. Hili nadhani lilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Mwingereza alikuwa bado yupo bomani Same, na mimi kijana nilikuwa nimepanda milima ya Upare kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa. Kijiji kimoja juu ya Suji kikanipokea, nikapewa pa kulala nyumbani kwa Nathanaeli.

Nathanaeli hakuwa na miguu ya kutembelea. Ilikauka utotoni, baada ya homa. Alikwenda kwa mikono, magoti kayafunga ngozi ya ng'ombe, na alipokuwa akipita migombani asubuhi, ukungu ukimfika kifuani, ungesema mtu anaogelea. Alikuwa na kazi moja: kupiga baragumu la msaragambo.

Msaragambo kule ni kazi ya wote. Mfereji umeziba, njia imebomoka, basi baragumu linalia na kila mwenye jembe anatoka. La kwanza ni la kuanza. La pili ni la kumaliza. Kabla ya la pili haondoki mtu, hata mvua ikinyesha mawe. Anayeondoka anatozwa mbuzi, na mbuzi ni kitu kidogo. Kikubwa ni jina. Ukiitwa mtoro leo, wajukuu wako wataitwa wajukuu wa mtoro.

Sasa, siku moja akaja karani kutoka bomani, Hamisi, mtu wa tambarare, anatweta kwa mlima. Akasema kijiji kichague mtu mmoja wa kukisemea barazani Same. Waliojitokeza walikuwa wawili, Fanueli na Manase. Watasimama uwanjani chini ya kanisa, watu wajipange mstari nyuma ya wamtakaye, karani ahesabu.

"Watu gani?" karani akauliza. "Nahitaji majina."

Jumbe Sefania akaingia ndani, akatoka na daftari lake la msaragambo. Ndilo pekee alilokuwa nalo. Kila aliyeandikwa mle, mwanamume au mjane, atachagua.

Mchana ule Nathanaeli akajikokota mpaka kwa jumbe. Nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nimo?"

Jumbe hakulifungua hata daftari. "Humo. Wewe tulikusamehe zamani. Nani atamwandikia mtu kama wewe kuchimba mfereji?"

"Nilisamehewa jembe. Na kuchagua nako nimesamehewa?"

"Usijitaabishe. Tutakuchagulia mtu mzuri."

Alisema kwa upole kabisa, kisha akampa mkungu wa ndizi apeleke nyumbani. Nikaubeba mimi. Tulipofika mlangoni Nathanaeli akasema: "Nina miaka thelathini na minne. Bado napewa ndizi."

Siku yenyewe ilipofika, ukungu ulishuka kutoka kilele cha Shengena ukatuketia mabegani. Kanisa lilikuwa paa tu, linaelea. Jumbe alikuwa amepanga hivi: baragumu la kwanza watu waingie kwenye mistari, la pili mistari ifungwe, ndipo karani ahesabu. Nathanaeli akakaa juu ya jiwe lake ukingoni mwa uwanja, akainua baragumu lake, pembe ya tandala, akapiga la kwanza. Sauti ikaenda bondeni, ikakaa huko, ikarudi ikiwa imezeeka.

Watu wakatokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, kama wanazaliwa. Wakajipanga. Nikaona mabega, kofia, blanketi, miguu sikuiona. Ilikuwa kama mistari miwili ya watu wenye kusimama juu ya maziwa.

"Haya," jumbe akaita. "Piga la pili."

Nathanaeli akailaza pembe mapajani.

"Bado."

"Bado nini? Wote wapo."

"Mmoja hayupo."

Jumbe akaelewa, uso ukamwiva. Akamwita Daudi, kijana mwenye kifua kama pipa, akamwambia apige yeye. Nathanaeli akampa pembe bila ubishi. Daudi akajaza mashavu, akapuliza, ikatoka sauti ya ndama mwenye mafua. Mistari yote miwili ikacheka. Akapuliza tena, ndama akafa. Pembe ikarudi mapajani.

Tukangoja. Sijui ni saa ngapi zilipita; jua halikuonekana. Watu walisinzia wamesimama, mmoja ameegemea mgongo wa mwenzake, umande unawadondoka kwenye nyusi. Mtu akaanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, mstari wa pili ukaitikia, kisha wote wakasahau walikuwa wanaimba nini. Karani alitembea huku na huko akipotea na kuonekana.

"Waambieni waende tu nyumbani!" akasema.

"Nenda wewe, bwana karani," akajibu mzee mmoja. "Wewe si wa huku."

Mstarini kwa Fanueli alikuwamo Ernesta, mjane, dada yake Nathanaeli. "Nathanaeli wee! Viazi vyangu viko motoni!"

"Mwambie jumbe, dada."

"Jumbe, mwandike huyu mtu, viazi vinaungua!"

"Nimwandike kazi gani?" Jumbe alikuwa karibu kulia. "Humu kila jina lina kazi yake!"

"Na hii inayotushika hapa tangu asubuhi ni nini? Mchezo?" akauliza Ernesta.

Karani akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akanyoosha mkono. Jumbe akampa daftari na kalamu. Hamisi akaandika huku akisoma kwa sauti: "Nathanaeli. Baragumu. Haya, akasimame nyuma ya mtu wake."

Kati ya jiwe na mistari palikuwa na mteremko wa tope, umelowa tangu jana. Nikainama nimbebe.

"Hapana, mgeni," akaninong'oneza. "Ukinibeba wewe watasema wewe ndiye uliyechagua."

Jumbe alisikia. Alisimama kidogo akilitazama lile tope. Kisha akawageukia Fanueli na Manase, akawaambia: "Njooni huku. Na watu wenu."

Mistari ikaja. Kila mtu kashika bega la aliye mbele asipotee, ikapinda, ikapanda taratibu ndani ya ukungu, bila kelele, mpaka mikia yake yote miwili ikafika penye jiwe. Nathanaeli akajitundika pembe shingoni, akateremka. Akaenda kwa mikono, akaupita mkia wa Fanueli.

"Ee! Hata dada yako?" Ernesta akasema.

"Wewe angalia viazi vyako, dada."

Akafika kwa mtu wa mwisho wa Manase, akashika pindo la koti lake. Hapo hapo, akiwa mstarini, akapiga la pili.

Fanueli alipata sitini na watatu, Manase arobaini na mmoja. Watu wakakimbilia nyumbani.

Njiani nikamuuliza kwa nini Manase. Akafikiri. "Fanueli ana sauti nzuri," akasema. "Mimi ni mtu wa sauti, naijua. Haina kitu ndani." Tukafika kwa Ernesta, tukala viazi vyeusi, na alitutukana mpaka tulipomaliza.

Juma lililofuata mfereji ukaziba. Niliondoka siku hiyo hiyo, miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha kwa hamu ya safari. Nikiteremka nilimsikia jumbe nyuma yangu, kule mferejini, akisoma majina, na watu wakiitika, nipo, nipo. Akafika: "Nathanaeli, baragumu!"

Juu kabisa, ndani ya ukungu, pembe ikaitika mara moja, fupi.