Mtumbwi Unaongoja Utulivu

Nilichora Mto Ruvuma kwa kalamu za rangi, karatasi baada ya karatasi. Mwalimu Glory akazipiga picha kwa simu yake, akanifundisha namna ya kuzifanya zitembee kwenye kompyuta. Masomo yetu ni ya jioni, hapa Rahaleo mjini Mtwara, baada ya swala ya magharibi. Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, na mwalimu angeweza kuwa mwanangu.

Mchezo wenyewe ni mdogo. Unafika kivukoni Kilambo alfajiri, ukungu umelala juu ya maji, viboko wanaonekana kama mawe yanayopumua. Unapanda mtumbwi, unavuka. Basi.

Mwalimu aliutuma kwa watu wanaokusanya michezo ya watengenezaji wadogo wa nchi nyingi. Wanaiuza yote pamoja, kama fungu moja, mnunuzi anatoa anachoweza, na mapato yanakwenda kwenye kazi za kheri. Kila mwenye mchezo anataja kazi moja. Mimi nilitaja nyumba ya kupumzikia wajawazito wanaongojea kujifungua kule Mahurunga, kwa sababu mdogo wangu Zainabu alijifungulia njiani, kwenye mikorosho, na mtoto hakukaa duniani.

Kisha ukaja ujumbe. Mwalimu alinisomea polepole. Mchezo ni mzuri, walisema, lakini ni mbovu. Mtumbwi hauondoki, ingawa wamebonyeza kila kitufe. Usiporekebishwa kabla ya Ijumaa, utatolewa kwenye fungu.

"Mbona kwangu uliondoka, Bi Latifa?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

Akafikiri. "Nilikuwa nakunywa chai."

"Ndiyo hivyo."

Pale Kilambo mvushaji haondoi mtumbwi abiria wakiwa bado wanahangaika. Watu wanakaa, wanaweka mikono mapajani, kila mmoja anamwomba Mungu kimoyomoyo kwa dini yake. Kukiwa kimya, ndipo anasukuma. Nami nilitengeneza mtumbwi wangu hivyo: ukiacha kubonyeza, unaondoka. Haikunijia akilini kabisa kwamba kuna mtu angehitaji kuambiwa hilo.

"Weka kitufe kilichoandikwa Ondoka," mwalimu akasema.

"Mtumbwi una kitufe upande gani, mwalimu?"

"Na honi uuwekee," akadakia Fredi wa bandarini kutoka nyuma. Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Mama, mchezo ukitolewa, na nyumba ya Mahurunga imetoka."

Usiku ule nilisali isha nikiwa na uzito huo. Niliposujudu, mkeka ulikuwa kama unaelea. Nilisikia maji yakipita chini ya paji la uso wangu, na nikakaa humo kwa muda mrefu, bila kuomba kitu chochote, nikiwa tu mikononi mwa Mola.

Asubuhi nilikwenda Kilambo kwa mjomba Sudi, ambaye amevusha watu tangu mimi ni mtoto.

"Mjomba, mgeni akipanda huku anatapatapa, unamwambiaje?"

"Simwambii kitu."

"Asipoelewa je?"

"Nakaa mimi kwanza. Ataniona." Akanitazama. "Umetoka Mtwara kuja kuniuliza hilo? Huko shuleni mnasoma nini?"

Nikacheka, lakini nilikuwa nimeshaona kosa langu. Kwenye mchezo nilikuwa nimemchora mvushaji amesimama, upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi, kama mtu aliyecheleweshwa. Mgeni yeyote angedhani anasubiriwa yeye abonyeze.

Nilimchora upya. Sasa, abiria akipanda, mzee anakaa. Analaza upondo magotini, anafungua viganja, anatazama maji. Ukibonyeza, anageuza uso, anakutazama kwa upole, kisha anarudi kwenye maji yake. Hakuna neno lililoandikwa.

Tuliutuma Alhamisi. Ijumaa jioni mwalimu alifungua jibu mbele ya darasa zima, na sauti yake ikapungua alipokuwa anasoma.

"Yule mzee alikaa. Nami mwishowe nikakaa. Tumevuka. Mchezo unabaki."

"Alhamdulillahi," nikasema. Fredi akasema amina.

Siku fungu lilipoanza kuuzwa, Zainabu alikuja kunitembelea. Nilimweka mbele ya kompyuta, nikataka kumweleza, lakini alikuwa ameshauona mto. Akakunja mikono mapajani, juu ya khanga yake. Hakugusa chochote.

Mtumbwi ukaondoka papo hapo, ukaingia kwenye ukungu, na mawe yale yanayopumua yakaupisha.