Matanga ya Kuazima

Mke wangu Nyamvula alizikwa kimya kama mtu anayefichwa. Kwetu mtu hazikwi hivyo. Kuna hanga: watu wanakaa siku kadhaa wanaimba na kucheza, wanawake wanamtaja marehemu kwa nyimbo, mema yake na ya aibu, mpaka mfiwa anacheka huku analia. Ikiisha anaoga, anarudi kazini. Lakini mwaka ule wa vita, wakubwa wa serikali walijenga kambi ya jeshi karibu na kwetu Mjambere, huku Kisauni, na chifu akapita na amri: hakuna ngoma, hakuna makelele ya matanga, askari wanapumzika. Wamechoka na nini, sijui. Vita vilikuwa Burma, wao walikuwa Kisauni.

Kwinini nayo ilikuwa imekwenda vitani. Nyamvula alikufa kwa homa ambayo zamani ilikuwa ikiondoka kwa vidonge vya dawa hiyo. Chifu alikuja mwenyewe maziarani kuhakikisha hatuimbi. Alivaa viatu. Tulipomaliza kufukia akanipa mkono.

"Pole, Katana. Ni mambo ya serikali."

"Nishapoa," nikamjibu, maana ndivyo pole inavyojibiwa.

Sikulia. Si kwamba mimi ni mgumu. Kilio kwetu kinaanzishwa, mmoja anatoa wimbo na wengine wanapokea. Mtu hakai peke yake akavuja kama bomba.

Tangu siku hiyo chakula kikakataa kushuka. Dada yangu Kache alinipikia sima na papa, akanipikia uji, akaniwekea madafu. Tonge nalitia mdomoni, natafuna, linakaa hapo hapo kama mgeni asiyeaga. Suruali nikaifunga kwa kamba. Bandarini, nyapara wa makuli alinitazama nikipanda na mzigo, akapiga kelele mbele ya watu:

"Katana! Wewe unabeba gunia au gunia linakubeba wewe?"

Watu wakacheka. Akanirudisha nyumbani, akasema nirudi nikiwa na uzito. Naye ni mkubwa, kwa hivyo hakusema uzito huo nitaupata wapi.

"Kaka, utakufa," Kache akaniambia.

"Nikifa chifu atakuja na viatu vyake."

"Mimi sifanyi mzaha. Namwita Mwarandu wa kayamba."

"Kache, mimi ni Mkristo."

"Kwani Mkristo hali? Nimemuuliza mwalimu wa kanisa, kasema ufunge na kuomba. Kufunga si ushafunga? Zaidi ya hapo ufunge nini?"

Mwarandu akaja mchana na vijana wawili. Kayamba ni ubao wa matete wenye mbegu ndani, wanautikisa, na kila pepo ana wimbo wake. Unafunikwa shuka kichwani, wanajaribu wimbo mmoja mmoja, ule utakaokutetemesha ndio unaoonyesha pepo gani amekushika. Ndivyo watu wanavyopona, nimewaona wengi. Lakini kwa sababu ya amri ilibidi wapige polepole ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Pepo akatafutwa kwa kunong'onwa.

Wakanong'ona wimbo wa pepo wa Mwarabu. Sikutetemeka. Wakanong'ona wa Mgala, wa Mkamba, hata wa Mzungu.

"Unasikia chochote?" Mwarandu akauliza.

"Nasikia mguu umekufa ganzi."

Akanifunua shuka, jasho linamtoka kuliko mimi. "Wewe huna pepo. Mkeo hakuimbiwa, na kilio chake kimekukaa kooni. Dawa yako ni hanga."

"Hanga ni jela," Kache akasema.

"Basi mimi nimemaliza. Kuna chai?"

Kache alikuwa anamimina chai hiyo tulipoisikia. Ngoma kubwa, pigo moja, halafu kimya kirefu, halafu pigo jingine. Kisha matarumbeta, polepole, kama watu wanaobeba kitu kizito wasichotaka kufika nacho. Jirani akapita akasema askari mmoja amekufa kambini kwa homa, wanakwenda kumzika.

Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama kwa hasira. Sisi tunanong'ona ndani ya nyumba yetu na wao wanapiga barabarani? Nikatoka na kamba yangu kiunoni kwenda kuwakataza. Kache akanifuata mbio. "Kaka, utapigwa risasi!"

Nikafika njiani. Jeneza limefunikwa bendera, afisa wao mzungu nyuma, na kando yake chifu, kofia mkononi. Nikasimama mbele ya matarumbeta, nikafungua mdomo niseme kuna amri. Ikatoka sauti nyingine. Sikuijua kuwa ni yangu mpaka Kache alipoipokea.

"Nyamvula wee, wa kuunguza kunde! Nyamvula wee, uliyempiga mumeo mwiko mbele ya wakwe!"

Wanawake waliokuwa shambani wakatupa majembe wakaja. Wakaipokea. Tukafuata bendi mpaka kaburini, wao wanapiga yao, sisi tunaimba yetu, na ile ngoma kubwa ikawa inatupigia wote. Mzungu akatutazama, akatupigia saluti. Alidhani tunamlilia askari wake. Chifu anajua Kigiriama chetu, alisikia kila neno la kunde na mwiko. Lakini angemkatazaje mtu anayepigiwa saluti? Akabaki kusimama jua linampiga kwenye upara.

Nililia mpaka kifua kikawa chepesi. Kisha nikaona hakuna jamaa yeyote wa yule kijana pale, nikamlilia na yeye kidogo, kwa haki.

Mpiga tarumbeta mmoja, Wafula, mtu wa bara, akanijia anafuta mdomo.

"Mzee, marehemu ulikuwa unamjua?"

"Miaka mingi."

"Lakini alikuja pwani mwezi uliopita."

"Wewe piga tarumbeta, mwanangu. Mambo ya kujuana niachie mimi."

Akanitazama, akamtazama Kache, akarudi kwa wenzake. Mzungu akasema waombolezaji wapewe chakula. Chifu ndiye aliyetumwa kutuita. Akanisogelea.

"Katana, unafikiri mimi sikusikia?"

"Kamwambie basi bwana mkubwa hatukuwa tunamlilia mtu wake."

Hakwenda. Akanishika mkono wa shati kunipeleka kwenye sufuria.

Ilikuwa wali na nyama ya kopo, chumvi imezidi. Sahani ya kwanza niliila nimesimama. Ya pili nikakaa chini. Sikumshukuru mtu, nyama ya kopo hailipi kwinini. Lakini ilishuka. Kache alikuwa hali, ananitazama koo linavyopanda na kushuka, na machozi yakaanza kumtoka upya.

"Kula kwanza," nikamwambia. "Wataondoa sufuria."